John Insall: Bingwa wa goti bandia aliyeacha swali la pia ya goti

JINA la Dkt John Insall halijulikani sana mitaani, lakini katika vyumba vya upasuaji wa mifupa kote duniani hutajwa karibu kila siku. Daktari anapopima picha ya eksirei kubaini iwapo pia ya goti imekaa juu mno au chini mno, hutumia kipimo chenye jina lake. Na wazee wengi ambao leo wanatembea bila mkongojo baada ya kuwekewa goti bandia, wanatembelea chombo ambacho umbo lake la msingi lilibuniwa na daktari huyo na wenzake jijini New York, Marekani, mnamo miaka ya 1970.

Hata hivyo, bingwa huyo aliaga dunia huku suala moja likiwa bado linawatenganisha madaktari. Mgonjwa anapowekewa goti bandia, je, pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ambacho jina lake jingine ni kilegesambwa, nayo ivikwe plastiki au iachwe kama ilivyoumbwa? Insall alikuwa na jibu lake, na alilisimamia kwa miaka mingi. Wenzake wengi hawakulikubali.

Alizaliwa mnamo 1930 katika mji wa Bournemouth, pwani ya kusini mwa Uingereza. Alisomea Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akaendelea na masomo ya udaktari katika chuo cha hospitali ya London Hospital. Baada ya kufuzu alivuka bahari hadi Montreal, Canada, alikopata sehemu ya mafunzo yake ya upasuaji, na mapema katika miaka ya 1960 akafika New York katika Hospital for Special Surgery. Hospitali hiyo ilikuwa imeanzishwa mnamo 1863 kwa ajili ya kuwatibu watu wenye ulemavu. Alirudi kwao Uingereza kwa muda, lakini kufikia 1965 alikuwa amerejea New York, na huko ndiko alikofanyia kazi hadi mwisho wa maisha yake.

Ili kuelewa alichokikuta, ni sharti tukumbuke hali ya wagonjwa wa magoti ya zama hizo. Mtu aliyeumwa na baridi yabisi hadi gegedu la goti likaisha, mfupa ukawa unasaga mfupa, hakuwa na njia nyingi za kuchagua. Angemeza dawa za maumivu. Angekatwa mfupa kidogo ili mguu unyooke. La sivyo, angefungwa goti likakauka kabisa, akaishi na mguu usiokunjika, jambo ambalo liliyafanya hata mambo madogo kama kupanda basi au kuketi mezani kuwa adhabu.

Si kwamba hakuna aliyejaribu kutengeneza goti. Mnamo 1890 jijini Berlin, daktari Themistocles Gluck aliwawekea wagonjwa magoti ya bawaba yaliyochongwa kwa pembe za ndovu. Huo ulikuwa wakati ambapo bandari ya Zanzibar ilikuwa miongoni mwa milango mikuu ya pembe hizo kuelekea masoko ya ng'ambo. Wagonjwa wa Gluck walikuwa na kifua kikuu cha mifupa, usaha ukaingia, na juhudi zake zikazimika. Bawaba za chuma zilizofuata katikati ya karne ya 20 nazo hazikudumu, kwa kuwa goti si bawaba. Linapokunjika, huviringika, huteleza na kujizungusha kidogo, yote kwa wakati mmoja. Chuma kisichoruhusu mizunguko hiyo hung'oka kwenye mfupa.

Mwanga ulitoka upande wa nyonga. Mwingereza John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, alikuwa ameonyesha tangu 1962 kwamba chuma kinachoteleza juu ya plastiki ngumu, vyote vikiwa vimegandishwa kwa saruji maalumu ya mifupa, kinaweza kumrejeshea mgonjwa wa nyonga mwendo wake. Katika hospitali iyo hiyo, Frank Gunston kutoka Canada aliihamishia fikra hiyo kwenye goti mnamo 1968. Jijini London, Michael Freeman naye alikuwa na goti lake. Mbio zilikuwa zimeanza.

Insall hakuanza na goti bandia. Alianza na magoti ya kawaida yanayouma, na hasa na pia ya goti. Kazi yake ya mwaka 1967 ilikuwa ripoti kuhusu mbinu za marehemu Kenneth Pridie wa Bristol, aliyekuwa akitoboa matundu madogo kwenye mfupa uliochakaa ili kuchochea kuota kwa utando mpya. Mnamo 1971 alieleza namna ya kulifungua goti kwa mkato mmoja ulionyooka katikati, unaopita juu ya pia yenyewe. Mwaka huo huo, pamoja na Eduardo Salvati, alichapisha kipimo kilicholifanya jina lake lidumu.

Kipimo chenyewe ni chepesi kiasi cha kumstaajabisha msomaji. Chukua picha ya goti kutoka ubavuni, pima urefu wa pia, kisha pima urefu wa kano inayoishikilia pia kwenye mfupa wa muundi. Katika goti lenye afya, urefu huo wa aina mbili hukaribia kulingana. Kano ikizidi pia kwa zaidi ya sehemu moja ya tano hivi, yaani asilimia 20, pia imekaa juu; ikipungua kwa kiasi hicho, imekaa chini. Rula na penseli vilitosha.

Kwa nini kifupa hiki kidogo kilimshughulisha namna hiyo? Pia ya goti ndiyo mfupa mkubwa zaidi kati ya mifupa inayoota ndani ya kano. Kazi yake ni kuisukuma mbele kano ya misuli ya paja, ili misuli hiyo iwe na nguvu zaidi ya kuunyoosha mguu, kama mtu anayesukuma jiwe kwa mtaimbo mrefu badala ya mfupi. Mtu akitembea kwenye uwanda, mzigo unaoikandamiza pia ni mdogo. Akipanda ngazi huwa mara kadhaa ya uzito wa mwili wake, na akichuchumaa huongezeka zaidi. Ndiyo maana gegedu la nyuma ya pia ni miongoni mwa yaliyo manene zaidi mwilini, na ndiyo maana likiharibika mgonjwa hulalamika kwanza kuhusu ngazi.

Kabla ya hapo, madaktari wengi walikuwa wakiiona pia kama kitu cha kuondolewa tu ikisumbua. Waliing'oa, wakashona kano, na mgonjwa akabaki na mguu dhaifu. Mnamo 1955, Duncan McKeever wa Marekani alijaribu kuivisha gamba la chuma, lakini mbinu hiyo haikuenea sana.

Magoti bandia ya mwanzo yaliyotengenezwa na kikosi cha New York hayakuijali pia. Insall alikuwa akifanya kazi na Chitranjan Ranawat, daktari mzaliwa wa India, na Peter Walker, mhandisi kutoka Uingereza. Chombo chao cha kwanza kilifunika ncha mbili za mfupa wa paja na kuweka plastiki juu ya muundi, basi. Sehemu ya mbele, ambapo pia huteleza, iliachwa jinsi ilivyo. Wagonjwa walipata nafuu ndani ya goti, halafu wengi wakarudi wakilalamikia maumivu ya mbele.

Hapo ndipo sifa kubwa ya Insall ilipodhihirika. Badala ya kukitetea chombo chake, alikaa chini na kulinganisha aina nne za magoti bandia zilizokuwa zikitumiwa hospitalini humo, zikiwamo zile alizoshiriki kuzibuni mwenyewe. Matokeo yalichapishwa mnamo 1976, na hayakuficha aibu ya yeyote. Maumivu ya pia ya goti yalijitokeza kuwa kasoro iliyozikumba zote.

Kabla hata matokeo hayo hayajachapishwa, jibu lilikuwa limeshaingia katika chumba cha upasuaji. Mnamo 1974 kikosi hicho kilianza kuwawekea wagonjwa goti walilolipa jina la Total Condylar. Mfupa wa paja ulivalishwa kofia ya mchanganyiko wa metali za kobalti na kromiumu, iliyorefushwa mbele na kuchongwa mfereji wa pia kupitia. Muundi ulipewa kitanda cha plastiki chenye vishimo viwili. Kano mbili za msalaba zilizo katikati ya goti zilikatwa, uamuzi uliowaudhi wengi waliotaka kuhifadhi kila kilichoumbwa na Mola. Na nyuma ya pia ya goti pakagandishwa kidude cha plastiki chenye umbo la kuba, mfano wa kifungo kikubwa cha koti.

Kifungo hicho ndicho kiini cha ubishi wote uliofuata. Ili kukiweka, daktari huipindua pia, hukata tabaka la nyuma lenye unene wa milimita 9 hivi, hutoboa tundu, hupaka saruji, kisha hukandamiza kifungo mpaka kigande. Pia ya mtu mzima ina unene wa milimita 22 hadi 25 kwa kawaida. Ukikata kidogo mno, goti hujaa na kukaza. Ukikata kupita kiasi, kinachobaki ni kigae chembamba kinachoweza kuvunjika siku mgonjwa atakapojikwaa.

Goti zima lilifaulu kupita matarajio. Ripoti ya mnamo 1993 iliyoongozwa na Ranawat ilionyesha kwamba baada ya miaka 15, takriban asilimia 94 ya magoti hayo yalikuwa yangali mahali pake. Hakuna aliyekuwa amewahi kupata takwimu kama hizo kwenye goti. Magoti bandia mengi yanayouzwa leo, kwa majina na bei tofauti, ni wajukuu wa chombo hicho.

Hata hivyo, lilikuwa na upungufu. Kwa wastani lilikunjika kufikia nyuzi 90 hivi, kiasi kisichomtosha mtu anayeinuka kutoka kwenye kiti kifupi. Mnamo 1978, Insall akishirikiana na mhandisi Albert Burstein, alitoa goti jipya lililoitwa Insall-Burstein. Ndani yake mlikuwa na kigingi cha plastiki kilichofanya kazi ya kano iliyokatwa, kikiusukuma mfupa wa paja nyuma goti linapokunjika. Ripoti yao ya 1982 ilitaja wastani wa nyuzi 115. Kwa mgonjwa, tofauti hiyo ni sawa na kuinuka mwenyewe badala ya kuinuliwa na mjukuu.

Ila kila kilichoongezwa kwenye goti kilidai malipo kutoka kwa pia. Kisanduku cha kigingi kilifanya mfereji wa mbele uwe na ukingo. Kwa baadhi ya wagonjwa, kinundu cha kovu kiliota juu ya pia, kikawa kinanasa ukingoni mguu unaponyooshwa na kuchomoka kwa kishindo cha kusikika. Wengine walivunjika pia. Wengine kifungo kililegea, au pia ikateleza kando. Katika miaka ya 1980 baadhi ya watengenezaji walidhani dawa ni kukitia kifungo mgongo wa chuma. Wakaharibu zaidi, kwa kuwa plastiki ilipunguzwa unene ili kutoa nafasi kwa chuma, ikalika upesi, kisha chuma kikasaga chuma. Ikawa sehemu kubwa ya upasuaji wa marudio inatokana na kifupa kile ambacho awali watu walikisahau.

Madaktari wakagawanyika makundi matatu. Wapo waliosema pia ivikwe kwa kila mgonjwa. Wapo waliosema isiguswe kamwe. Na wapo, wakiwamo baadhi ya wapasuaji wa Boston, waliochagua: mwenye baridi yabisi inayoshambulia viungo vyote avikwe, ilhali kijana au mwenye gegedu zima aachwe. Insall alikuwa katika kundi la kwanza. Hoja yake ilitokana na yale aliyoyaona mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliwahi kuiacha pia bila kuivika na wagonjwa wakarudi na maumivu. Na aliamini kwamba matatizo ya kifungo hutokana na mkono wa mpasuaji na umbo la mfereji, wala si kifungo chenyewe.

Kuhusu umbo la mfereji alikuwa na haki kubwa. Magoti yaliyobuniwa baadaye, pamoja na yale aliyoshiriki kuyarekebisha, yalipewa mfereji wenye kina na ulaini zaidi, na vishindo na mivunjiko vikapungua. Lakini ajabu ni kwamba maboresho yayo hayo yaliwapa hoja wapinzani wake pia. Mfereji uliochongwa vizuri hupokea vilevile pia isiyovikwa. Mnamo 1997 utafiti wa Marekani ulioongozwa na Robert Barrack, uliowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, haukuona tofauti ya maana baina ya waliovikwa na wasiovikwa.

Insall hakuwa mtu wa chombo kimoja. Kitabu chake kikubwa kuhusu upasuaji wa goti kilitoka mnamo 1984 na kimeendelea kuchapishwa upya. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wataalamu wa goti cha Marekani, Knee Society, kilichoundwa 1983, na akakiongoza. Mnamo 1989 yeye na wenzake walitoa mfumo wa alama wa chama hicho, unaotoa alama 100 kwa hali ya goti na 100 nyingine kwa uwezo wa mgonjwa wa kutembea na kupanda ngazi. Kutenganisha hesabu hizo mbili kulikuwa busara, kwa sababu goti laweza kuwa zuri ilhali mwenyewe hawezi kutembea kutokana na moyo au mgongo. Isitoshe, alipokea madaktari vijana kutoka nchi nyingi, ambao walirudi makwao na mbinu zake.

Mwaka 1991 aliiacha hospitali aliyokuwa ameitumikia kwa zaidi ya robo karne, akaanzisha taasisi ya mifupa pamoja na W. Norman Scott na Michael Kelly katika hospitali ya Beth Israel, papo hapo New York. Alifariki Desemba 2000 akiwa na umri wa miaka 70.

Wakati anafariki, utafiti mkubwa zaidi kuhusu suala lake ulikuwa ndio kwanza umeanza katika nchi aliyozaliwa. Kati ya 1999 na 2003, wapasuaji 116 wa Uingereza waliwaandikisha wagonjwa zaidi ya 2,300, na kwa wengi wao bahati nasibu ndiyo iliyoamua iwapo pia ivikwe. Walifuatiliwa kwa miaka mingi. Ripoti ya mnamo 2014 haikupata tofauti ya wazi katika utendaji wa goti. Mizani iliinamia kidogo upande wa kuvika, hasa kwa kuhesabu gharama.

Tafiti nyingine zilizokusanywa pamoja zimeelekea huko huko. Kuhusu maumivu ya mbele ya goti, ushahidi unayumba. Kinachojitokeza mara kwa mara ni kwamba walioachwa bila kuvikwa hurudishwa zaidi katika chumba cha upasuaji. Lakini hapa pana mtego. Mgonjwa aliyeachiwa pia yake akilalamika, daktari ana kitu cha kufanya, yaani kwenda kuivika. Aliyekwisha kuvikwa akilalamika, daktari hana la kumfanyia kwa urahisi, basi hukaa na maumivu yake na jina lake haliingii katika hesabu ya marudio. Na katika wale wanaorudi kuvikwa, si wachache wanaobaki na maumivu yale yale waliyokuja nayo.

Mnamo Juni 2020, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, ilipendekeza kwamba wagonjwa wanaowekewa goti bandia kwa mara ya kwanza kwa mpango wapewe fursa ya kuvikwa pia. Ilikuwa karibu miaka 20 tangu Insall azikwe. Ungedhani mjadala umekwisha. Wapi! Nchini Marekani na Denmark wagonjwa wengi huvikwa, ilhali nchini Sweden na Norway, majirani wa Denmark wenye rejista za magoti zinazosifiwa duniani, wanaovikwa ni wachache mno. Wagonjwa wa nchi hizo hawatofautiani kiasi hicho. Kinachotofautiana ni walimu waliowafunza madaktari wao.

Kwa watu wenye maumbo madogo, ambao pia zao ni nyembamba tangu kuzaliwa, hesabu ya milimita hubadilika, na hata mfuasi wa Insall husita. Kadhalika kwa yule anayetaka kupiga magoti shambani au msikitini, nyuzi 115 hazimfikishi mbali, awe amevikwa au hajavikwa, na daktari mwaminifu humweleza hivyo kabla ya kumlaza kitandani.

Upasuaji wa kubadilisha goti hufanywa leo pia hapa Kenya. Popote unapofanywa, huja dakika ambapo kofia ya chuma imeshagandishwa kwenye mfupa wa paja na plastiki imeshakaa juu ya muundi. Mpasuaji huipindua pia ya goti kwa vidole, huitazama gegedu lake, huipima unene kwa kifaa cha kubana, kisha huamua kama ataomba msumeno.